Chaneli za ioni: ushauri kwa wanaoanza kusomea tiba Unguja na Pemba

Ndugu zangu wanafunzi, mada ya chaneli za ioni, yaani vijitundu vya protini kwenye utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji ya umeme, huwachosha wengi kwa sababu huisoma kama orodha ya majina ya kuhifadhi. Kwa uzoefu wangu wa kusomesha, huielewa yule anayeuliza kila mara chaneli imo katika seli gani, na seli hiyo husisimua nyengine au huzituliza.

Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza, kwa kutumia neva nene za ngisi, kuwa msukumo wa umeme husafiri kwa ioni za sodiamu kuingia ndani ya neva na za potasiamu kutoka baadaye. Huo ndio msingi, usomeni vizuri.

Wavuvi wetu humtupa bunju, nao wana haki. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba chaneli za sodiamu za neva: midomo hufa ganzi, misuli hulegea, mwisho hata ile ya kupumulia, ilhali mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila linalosemwa kitandani pake (nawaombeni, semeni naye). Moyo hustahimili zaidi, kwani chaneli zake za sodiamu ni za aina nyengine ambayo sumu hiyo huishika kwa shida.

Lakini pa kukaa zaidi ni kwenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza uchangani. Wengi wa watoto hawa wana hitilafu katika jeni ya SCN1A, inayotengeneza chaneli ya sodiamu. Mtu angedhani chaneli hiyo ikipungua ubongo utatulia. Kumbe wanaoitegemea zaidi ni nyuroni (seli za neva) za kutuliza, na zikidhoofika zile za kusisimua hukosa mzuiaji. Ndiyo maana karbamazepini, inayowafaa wagonjwa wengi wa kifafa kwa kuziba chaneli za sodiamu, huweza kumzidishia mtoto huyu degedege.

Degedege la homa ni jambo la kawaida, na mara nyingi si Dravet. Malaria na homa ya uti wa mgongo zitafutwe kwanza. Hata hivyo, muulizeni mama kwa upole: lilianza kabla mtoto hajatimiza mwaka? Lilichukua muda mrefu? Safari hii lilishika upande huu, na safari nyengine ule? Na tangu aanze dawa, limepungua au limezidi? Akisema limezidi, msiongeze dozi kabla ya kushauriana na daktari bingwa.