Kabla ya kuchora fomu, nenda ukakae saiba

Vijana mnaoanza kazi ya kuweka huduma za umma mtandaoni hapa Mombasa, ombeni wiki ya kwanza mpelekwe mkakae saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na waliotaabika ni wananchi.

Tulikuwa tumejenga mfumo wa maombi kwa afisi moja ya umma, na hesabu zetu zilipendeza: waliojisajili wengi, fomu zinajazwa hadi mwisho. Siku moja nikaketi saiba Mwembe Tayari nikingoja kuchapishiwa karatasi. Akaingia mama mmoja kutoka Likoni, kavuka feri na bahasha ya vyeti kwapani. Kibodi hakuigusa. Kijana wa saiba alimjazia kila kitu, akaweka baruapepe yake mwenyewe maana mama hana, na nywila akaibuni yeye. Nikamwuliza mama, jibu likija utajuaje? "Nitarudi kwa huyu mwanangu," akasema. Je, kijana akiacha kazi?

Kumbe wengi tuliodhani wanajihudumia walikuwa mikononi mwa vijana wa saiba. Msiwadharau vijana hao, wanabeba kazi ambayo fomu zetu zimeshindwa. Tuliondoa sharti la baruapepe, majibu yakaenda kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mwombaji mwenyewe, hata iwe kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Aliyesaidiwa akaandikwa kwamba amesaidiwa, na nani. Hilo si dogo. Nakala ya kitambulisho chake hubaki kwenye kompyuta ya mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data.

Halafu majina. Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Fomu yetu ilidai jina la ukoo, ilhali Pwani wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, basi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, kitambulisho Muhammad, cheti cha shule Mohammed: kompyuta inaona watu watatu. Karani wa zamani angeuliza jina la mama na mtaa, akajua ni yule yule mmoja. Uwezo huo tuliuondoa bila kujua kwamba tumeuondoa. Mfumo ukiona herufi zimetofautiana, usimkatae mtu. Umpeleke kwa afisa mwenye idhini ya kuamua, na jina la afisa huyo lionekane.

Kuhusu lugha, kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Basi kisiwe kiraka cha mwishoni. Andikeni arifa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kisha mkamsomee mtu aliye kwenye foleni, hata pale Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ya Posta, Digo Road. Sisi tuliandika "Ombi lako linachakatwa", tukimaanisha linashughulikiwa, mzee mmoja akaniuliza kama maana yake limekataliwa. Sasa twaandika: "Tumepokea ombi lako. Njoo Jumanne na kitambulisho."

Na msiondoe daftari kaunta. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma za umma, iliposhambuliwa mtandaoni, huduma nyingi zilikwama nchi nzima. Mtandao ukipotea, karani wetu huandika jina, namba ya simu na saa mtu aliyofika. Ukirudi, huyaingiza maombi kwa kufuata saa hizo, ili aliyevuka feri alfajiri asipoteze zamu yake.