Waliniuliza kabila na uzazi

Anti shikamoo. Nipo Pasua, Moshi. Juzi nilipanda Kosta asubuhi na mapema kwenda Arusha kwenye usaili wa kuongoza watalii, swali la kwanza we kabila gani, la pili unategemea kuzaa lini! Lugha tatu ninazoongea hata hawakugusa, na kazi nimekosa. Ndo kawaida?

Marahaba mwanangu, pole sana. Kawaida ipo ila halali sio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua mtu kwa kabila, jinsia, mimba, ndoa, dini, ulemavu na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi tu, sio mpaka uajiriwe.

Tena usidhani ni hisia zako tu. Marekani watafiti Bertrand na Mullainathan walituma sivii karibu 5,000 za kutunga Boston na Chicago, sifa zinalingana, wamebadilisha majina tu, matokeo yakatoka 2004: mwenye jina la kizungu akituma kama 10 anapigiwa simu moja, mwenye jina la weusi mpaka 15. Jina tu jamani! Inaniuma maana huku kwetu ukoo ukitajwa tu mtu ashajua unatoka wapi.

Andika leo hii nani aliuliza nini, tarehe, na nani alikuwepo, alafu nenda CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usichelewe maana una siku 60.