Boriti Iliyopinda kwa Baraza la Nusu Duara

SWALI: Mhariri, salaam. Ninajenga nyumba Nzuguni, Dodoma. Baraza lake ni nusu duara, lenye nusu kipenyo cha mita 3, na litaezekwa kwa bati. Fundi anataka kukata mbao pana kwa mviringo na kuunga vipande ncha kwa ncha juu ya nguzo 3, pamoja na ncha mbili zitakazokaa ukutani. Je, boriti hiyo itahimili?
Msomaji, Nzuguni

JIBU: Ndugu msomaji, kwa namna hiyo sishauri. Ubao ulionyooka ukikatwa kwa mviringo, nyuzi zake hukatika kandokando, na hapo ndipo unapopasukia.

Jambo zito zaidi ni msokoto. Boriti iliyopinda hutokeza nje ya mstari unaounganisha nguzo mbili, hivyo uzito wa paa hauikandamizi tu, bali pia huisukuma ipinduke kuelekea nje. Kwa mpango wa fundi wako itatokeza takriban sentimita 23 katikati ya kila nafasi. Ukiweka nguzo 5 zilizopangwa sawasawa, itatokeza sentimita 10 tu. Ningeanza na nguzo kabla ya kufikiria unene wa mbao. Kila nguzo ishike boriti kwa bolti ya juu na ya chini, kwa kuwa bolti moja hugeuka bawaba.

Boriti yenyewe iundwe kwa matabaka. Chora upinde kwenye sakafu kwa kamba na msumari, kisha funga vipande imara vya mbao kuufuata. Mbao za paini zilizokauka, zilizopigwa randa hadi milimita 19, zisimamishwe kwa ubavu, zipakwe gundi isiyoathiriwa na maji na kubanwa kwa jiriwa. Matabaka 8 hutoa upana wa sentimita 15 hivi. Maungio ya tabaka moja yasikabiliane na ya tabaka jirani. Ukifungua jiriwa, boriti itajinyoosha kidogo sana.

Gundi ipakwe alfajiri, kivulini, kwani joto na upepo mkavu wa Dodoma huikausha kabla hamjamaliza kubana. Paini iliyoshushwa karibuni kutoka Mufindi huenda ikawa bado na unyevu. Ipangwe kwa kuachiwa nafasi za hewa, ikauke kwanza. Nguzo zikiwa za mbao, zisimame juu ya vitako vya zege, maana mchwa wa huku hawachelewi.

Ukibadili nia na kuezeka kwa vigae vya zege, mwite mhandisi akokotoe vipimo upya kabla ya kununua mbao.