Mbona baba haonekani kwenye magemu?

SWALI: Habari yako Anko Gemu. Mwanangu ana miaka 9, juzi kaanza kucheza Pokémon, ile ya zamani kabisa, mi nimekaa pembeni nakunja nguo mara akaniuliza "mama, baba yake huyu dogo yuko wapi?" Nikamwambia labda yuko kazini, akacheza mpaka muda wa kulala huyo baba hajarudi. Namlea peke yangu, kwa hiyo swali lilinichoma kidogo. Nimeanza kufatilia naona magemu mengi ni hivohivo, mama yupo baba hayupo. Hivi hawa watengenezaji wana shida gani na akina baba? – Mama Mmoja

JIBU: Mama Mmoja pole, watoto hawanaga breki. Ila mwanao kaona kitu cha kweli, na hakijaanza leo. Pokémon za kwanza zilitoka Japani 1996, unashuka ngazi kutoka chumbani unamkuta mama, anakwambia watoto wa kiume wote ipo siku huondoka nyumbani, eti wamesema kwenye tivi, basi safari njema. Baba hata kutajwa hatajwi. Zilizofata, Gold na Silver, mama kaongezewa na kazi ya kukutunzia hela, halafu anakupigia simu kukwambia kuna kitu kakununulia kwa hela hizohizo zako, yaani hapo ndo unajua aliyeandika ana mama kweli.

Mi siamini kama ni chuki kwa akina baba. Gemu ya safari inataka mtoto atoke nyumbani ndani ya dakika tano na asizuiwe na mtu, sasa ukiweka wazazi wawili lazima mmoja aulize "unaenda wapi na nani, utarudi saa ngapi," stori inakwama mlangoni. Halafu kaseti za zamani nafasi ilikuwa finyu mno, kila mtu unayemweka anakula nafasi ya maneno na picha, kwa hiyo mzazi mmoja alitosha, wa kukuaga na wa kukupa pa kupumzika ukirudi hoi. Wakamchagua mama. Hapo sasa ndo unaweza kuwalaumu, maana kumwona mama ndo nyumba na baba ndo nje ni mazoea yao waliyokuja nayo, kompyuta haikuwaambia.

Na baba akiwepo wanampa kazi za ajabu ajabu. Inayonikaa kichwani ni EarthBound ya Shigesato Itoi, ilitoka Japani 1994. Baba yake Ness, dogo unayemchezea, humuoni hata kivuli, ni simu tu. Unatafuta simu unampigia, anakwambia kakuwekea kiasi gani benki, kisha anakuuliza kama akuandikie ulipofikia, maana kule kusevu ni mpaka umpigie mzee. Ukikaa sana kwenye gemu anakupigia mwenyewe, anakuuliza hujachoka, si upumzike kidogo. Mimi simu ile ilinikuta saa nane za usiku, mtu mzima na ndevu zangu, nikajikuta nazima kweli.

Wengine baba wanamfanya kitu cha kutafutwa. Fallout 3 ya 2008, mshua anatoroka kwenye handaki mlikoishi na wewe unatoka kumfata. Final Fantasy X ya 2001, Tidus, ndo steringi wake, kakua anamchukia baba yake aliyepotea, mwisho wa siku lile dude linalobomoa miji ya watu linakuwa ndo mzee mwenyewe. Ila kwangu hakuna inayoizidi Dragon Quest III, ya 1988 hiyo. Baba yako Ortega kila mtu anajua alishakufa, unatimiza miaka 16 mama anakuamsha anakupeleka kwa mfalme, unazunguka dunia nzima, halafu karibu na mwisho unamkuta Ortega yuko hai anapigana peke yake na anashindwa mbele ya macho yako. Haoni tena, hajui uliyepiga magoti pale ni wewe, anakuomba kama mpita njia tu, ukimkuta mwanangu mwambie baba yako anaomba msamaha.

Siku hizi upepo umegeuka, baba ndo kawa steringi. The Last of Us ya 2013, kisha God of War ya 2018 ambayo Cory Barlog aliiongoza akiwa tayari ni baba, nadhani waliokuwa watoto enzi za kaseti wamekua wanalea. Sawa, lakini angalia nani kalipa. God of War inaanza baba mwenyewe, Kratos, anakata mti wa kuchomea mwili wa mkewe. The Last of Us Joel yuko na binti, mama wa binti hayupo tangu mwanzo. Kwa hiyo nyumba ya gemu bado ina kiti kimoja tu cha mzazi, wamebadilisha anayekikalia.

Mwanao usimwambie yuko kazini, atamsubiri. Mwambie hawakumwandika, ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

SWALI LA NYONGEZA (huyuhuyu): Na hakuna hata moja ya Pokémon yenye baba?

JIBU: Ipo, Ruby na Sapphire za 2002. Mnahama nyumba nzima kwa ajili ya kazi ya baba, Norman, lakini humkuti nyumbani, yuko jimu mji mwingine, yaani ukumbi wa kupambanisha Pokémon ambako ukishinda unapewa beji, na hakubali kupambana na wewe mpaka uwe na beji nne. Unampiga, anakupa ya tano, anabaki kazini kwake. Ukishamaliza kila kitu umekuwa bingwa ndo siku moja unashuka ngazi unamkuta sebuleni. Anakupa tiketi ya meli.