Python inatafsiriwa, inafasiriwa au inakalimaniwa?

Kijana mmoja wa Pasua, Moshi, anayesoma diploma ya kompyuta kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Hapa geto kuna ubishi haujaisha toka Jumatatu. Mkufunzi wetu anaandika ubaoni 'lugha za kutafsiriwa', kitini tulichotoa kopi steshenari kinasema 'lugha fasiriwa', na jamaa yangu mmoja anakomaa na 'lugha za ukalimani'. Wote wanaongelea lugha za kuandikia programu kama Python, PHP, JavaScript na wenzake. Nani yuko sahihi? Na kompaila kwa Kiswahili ni nini, kikusanyaji?"

Marahaba. Ubishi mzuri huo, afadhali kuliko wa Simba na Yanga.

Tuanze na tafsiri na fasiri. Haya maneno ni mtu na ndugu yake, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufafanua, ndo maana mpaka leo mtu akikusimulia ndoto anataka umtafsirie, hataki umgeuzie kwenda lugha nyingine. Wazee wa pwani wana na lao la tatu, kutarjumi, ila huku kwetu milimani ukilisema watakuuliza umetoka Tanga lini. Kwa hiyo kati ya mkufunzi na kitini hakuna ugomvi wa maana, ni suala la mazoea tu.

Ugomvi wenyewe uko kwa huyo jamaa yako wa ukalimani, na mi naona kashika kitu ambacho wenzake hawajakiona. Mfasiri wa kitabu anachukua kitabu kizima anakaa nacho miezi, akimaliza anakukabidhi kingine kipya, ukiwa na hicho humhitaji tena mfasiri, hata akifa leo we unasoma tu. Mkalimani hayuko hivyo. Nenda mkutano wa injili pale Mashujaa, mhubiri katoka nje anapiga kiingereza chake, pembeni kuna kaka na maiki yake anatoa Kiswahili sentensi kwa sentensi, mhubiri akipandisha sauti na yeye anapandisha. Huyo kaka akipata kikohozi mkutano umesimama. Wa Arusha mnaokumbuka ile mahakama ya Rwanda iliyofungwa mwisho wa 2015, ukumbini unavaa hedifoni unachagua Kinyarwanda, Kifaransa au kiingereza, watu wako kwenye vibanda vya vioo wanakalimani hapohapo shahidi anapoongea. Sa hiyo ndo Python.

Lugha kama C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kawaida ni kitabu: kompaila inageuza programu yote kuwa lugha ya mashine, unapata faili jipya, unampa mtu anaendesha bila kuwa na kompaila. Python ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991, inataka mkalimani awepo kila siku. Ukimtumia mtu faili lako na kompyuta yake haina Python, hapo ni mhubiri kafika bila yule kaka.

Jaribu hii mwenyewe. Andika mistari miwili, wa kwanza print("Karibu Moshi"), wa pili kosea makusudi, prnt("Karibu Arusha"). Endesha. Utaona Karibu Moshi imetoka kabisa, halafu mstari wa pili ndo analia kwamba prnt hamjui. Yaani sentensi ya kwanza waumini walishaisikia. Kwenye C kosa la namna hiyo kwa kawaida linakunyima programu nzima, hupati hata salamu. Ila usije ukaniambia nimekudanganya ukisahau kufunga mabano mstari wa pili halafu hata Karibu Moshi isitoke, maana Python inapitia faili lote kwanza kuangalia sarufi na inaligeuza kuwa lugha ya katikati, ndo vile vifaili vya .pyc unavyovikuta kwenye folda hujui nani kaviweka. Ni mkalimani aliyeomba karatasi ya mahubiri mapema akaipitia. JavaScript kwenye brauza za siku hizi ndo kabisa, sehemu zinazorudiwarudiwa zinageuzwa kuwa lugha ya mashine hukohuko njiani ili ziende fasta.

Kwa hiyo kinachofasiriwa ni programu, na inategemea inavyoendeshwa, lugha yenyewe haina kosa. Ndo maana "lugha fasiriwa" siipigi vita, imeundwa vizuri tu kama "lugha lengwa" au "mchezaji pendwa", lakini ukiisoma haraka unadhani lugha yenyewe ndo imetafsiriwa kutoka mahali.

Zinatumika wapi? Ni kila siku unazo mkononi. Kurasa zinazocheza kwenye simu yako ni JavaScript, Wikipedia na blogu za WordPress nyuma yake kuna PHP, mtafiti anayepiga hesabu za mavuno ya kahawa anatumia R au Python, gemu kibao zina Lua ya Wabrazili ndani yake, na mtu wa seva anaandika vijiskripti vya Bash usiku vihifadhi data akiwa amelala. Wanazipendea uharaka wa kuandika na kujaribu, spidi ya kuendesha kwa kawaida C inawaacha mbali.

Kikusanyaji? Hapana. Ingawa kina historia: miaka ya 1950 mwanzoni Grace Hopper wa Marekani alipotengeneza kompaila ya A-0, kazi yake ilikuwa kweli kukusanya vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na kuviunga, jina la kiingereza compiler, yaani mkusanyaji, likabaki hata kazi ilipobadilika. Mswahili akisikia kikusanyaji atawaza kizoleo cha takataka. Sema kompaila, imeshakaa.

Kile chenye kufasiri mi naita kifasiri, kwa sababu vitu vya kazi tunavipa ki-: kikokotoo, kichapishi, kivinjari, hata kipanya, japo huku Arusha kipanya ni daladala, ukikipungia mkono kinasimama kukupakia. Mkalimani muachie binadamu, la sivyo utaishia kuandika "mkalimani amekosa memori" na msahihishaji ahangaike. Kifasiri kimegoma, vifasiri vimegoma, hapo upatanisho uko sawa.

Kwenye mtihani andika kama alivyoandika mkufunzi, marks ni zake. Na huyo jamaa wa ukalimani mnunulie chips mayai, mlimzomea bure.