Mwongozo wa vicheza muziki kwenye Linux: nifute nini, nibakize nini?

Swali: Natunza mwongozo wa kutumia vicheza muziki vya mkononi kwenye Linux. Ni wa zamani: unasema MP3 ina vikwazo vya hataza, unaelekeza kifaa kipachikwe (kiunganishwe na mfumo ili faili zake zisomeke) kwa jina la /dev/sda1, yaani sehemu ya kwanza ya diski ambayo Linux inaiita sda, na unashauri nyimbo zote zigeuzwe kuwa Ogg. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye /dev/sda1, maana hapo ndipo msomaji anaweza kuumia. Zamani diski ya ndani mara nyingi iliitwa hda, kwa hiyo sda ilikuwa ya kifaa cha USB. Siku hizi, kwenye kompyuta nyingi, sda ndiyo diski ya ndani yenyewe. Anayefuata mwongozo huo mpaka hatua ya kufomati anaweza kufuta mfumo wake.

Andika hivi: endesha `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, chomeka kifaa, endesha tena. Jina lililoongezeka ndilo lake. Lisipoongezeka jina ilhali `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, inakiona kifaa, huenda kinatumia MTP, njia ya kuhamisha faili bila kifaa kuonekana kama diski. Hicho hakipachikwi kama diski, bali hufunguliwa kwa programu inayotumia libmtp, maktaba ya MTP.

Aya ya hataza za MP3 ifute. Mpango wa leseni zake ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017. AAC, fomati nyingine ya sauti, usiiingize humo, ina habari yake.

Kwenye Ogg, tatizo ni neno lenyewe. Ogg ni chombo tu cha kubebea sauti. Ndani yake mnaweza kuwa na sauti iliyosimbwa kwa Vorbis, Opus au hata FLAC, ambayo haipotezi sauti. Kifaa kinachocheza Vorbis kinaweza kuikataa Opus, na majina ya faili zote mbili yakaishia na .ogg. Mfundishe msomaji kuendesha `ffprobe wimbo.ogg` na kutafuta mstari wa "Audio: vorbis, 44100 Hz, stereo". Mstari huo unamaliza ubishi.

Amri ya kugeuza FLAC kuwa Vorbis, kwa programu ya ffmpeg, iwe hii:

`ffmpeg -i wimbo.flac -map 0:a -c:a libvorbis -q:a 5 wimbo.ogg`

Kiwango cha 5 (`-q:a 5`) hutoa takriban kbps 160 kwa stereo ya 44100 Hz. Usiiache `-map 0:a`: FLAC ikiwa na picha ya jalada, ffmpeg hujaribu kuiingiza picha hiyo kama video, na vifaa vingi vidogo hushindwa kuisoma faili. Ushauri wa kugeuza MP3 kuwa Vorbis nao uondoe kabisa. MP3 imeshapoteza sehemu ya sauti. Ukiigeuza inapoteza tena, na kilichopotea hakirudi.

Ongeza pia hatua ambayo miongozo mingi huiruka: kabla ya kuchomoa, `udisksctl unmount -b /dev/sdb1`, kwa jina lile lililoonekana kwenye lsblk. Upau wa kunakili unaweza kufika mwisho huku data ingali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kifaa kikichomolewa hapo, wimbo unaonekana kwenye orodha lakini unakatika katikati, na msomaji ataanza kuilaumu fomati bure.