Maswali ya Wasomaji: Kuisikiliza Upya The Flat Earth

SWALI: Ndugu Mhariri, katika ujana wangu niliupenda mno wimbo wa Thomas Dolby uitwao "She Blinded Me with Science". Albamu yake iliyofuata, The Flat Earth ya mwaka 1984, niliisikiliza mara chache nikaiweka kando kwa kuwa niliiona imepoa. Hivi karibuni nimeisikiliza tena, na imenigusa kuliko nilivyotarajia. Je, ni albamu nzuri kweli, au ni ujana wangu tu ninaoukumbuka?

JIBU: Ndugu msomaji, jibu limo katika maelezo yako mwenyewe. Mtu hukumbuka kwa hamu kile alichokipenda, ilhali wewe hukuipenda albamu hii. Basi kinachokugusa leo hakiwezi kuwa ujana wako, ni muziki wenyewe.

Wakati ule ilikuwa vigumu kuisikia albamu hii kwa haki. Wimbo unaoutaja ulifika nafasi ya 5 nchini Marekani mwaka 1983, na tangu hapo Dolby, Mwingereza wa mkondo wa "wimbi jipya" (new wave), yaani muziki wa pop wa miaka ile uliopenda vinanda vya umeme, akafahamika kama bwana wa mitambo na vichekesho. Wengi walingoja wimbo mwingine wa namna ile, naye akawaletea nyimbo saba ambazo nyingi zake ni za taratibu, zenye nafasi pana kati ya ala moja na nyingine.

Nafasi hiyo ndiyo ningependa uitegee sikio. Dolby alitumia Fairlight, kinanda cha kompyuta kilichobuniwa Australia, ambacho kiliweza kunasa sauti yoyote ya kawaida na kuifanya ipigwe kama noti. Wanamuziki wengi wa miaka ile walikitumia chombo hicho kujaza kila pengo, na ndiyo maana rekodi zao nyingi leo zinachosha mapema. Yeye alikitumia kwa kiasi. Katika "Dissidents", wimbo wa kwanza, mlio wa taipureta unaingia katika mdundo, na haukuwekwa kama pambo, kwa sababu wimbo wenyewe unahusu watu ambao maandishi yao yanaogopwa na watawala. Sauti na maana zinafanya kazi moja.

Kisha msikilize Matthew Seligman, mpiga besi, aliyefariki mwaka 2020. Ninaamini kwa dhati kwamba nusu ya uzuri wa albamu hii ni wake. Katika "Screen Kiss", wimbo unaohusu ndoto za Hollywood na jinsi zinavyochakaa, besi yake inateleza kutoka noti hadi noti kama sauti ya mtu anayeimba, hata unasahau kwamba kazi ya ala hiyo kwa kawaida ni kushikilia mdundo. Redio ndogo na kaseti zilizochoka huimeza sauti ya besi, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya albamu kuonekana imepoa zamani. Tumia vipaza sauti vizuri au vya masikioni, na usifanye kazi nyingine wakati wimbo huo unapigwa.

"Mulu the Rain Forest", unaochukua jina lake kutoka Mulu, eneo la misitu huko Sarawak katika kisiwa cha Borneo, unahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa unajengeka polepole na hauna kiitikio cha kushika haraka. Usiuruke. Unaandaa sikio kwa "I Scare Myself", wimbo wa Mmarekani Dan Hicks ambao Dolby anauimba kwa utulivu mkubwa huku gitaa la Kevin Armstrong likipewa muda wa kutosha kusema lake. Sijui wimbo mwingine wa mwanamuziki huyu unaoonyesha vizuri zaidi kwamba alikuwa mwimbaji, si fundi wa vinanda peke yake.

Kasoro ninayoiona ni mpangilio wa mwisho. "Hyperactive!" ni wimbo mzuri wa kuchezwa, wenye tromboni ya kusisimua, na ndio uliopendwa zaidi na umma, lakini unakuja mara tu baada ya utulivu ule na kuuvunja kabla haujakaa moyoni. Nakushauri usikilize nyimbo sita za kwanza kwa mfululizo, kisha usimame; huo wa saba uusikilize siku nyingine, peke yake, na utaufurahia zaidi.